Mbuzi wa Namagondo

Basi liliingia stendi ya Nyegezi, Mwanza, saa mbili usiku. Nilishuka na begi la mgongoni, chupa ya maji iliyobaki nusu, na nakala ya Kichomi iliyokwisha kupoteza jalada. Nilikuwa nimetoka Tanga alfajiri ya jana yake, nikalala Singida, na sasa miguu ilikuwa imevimba hata viatu vinabana. Hiyo ilikuwa Agosti 2022, na sikuwahi kabla ya hapo kukanyaga Kanda ya Ziwa. Mimi ni mtu wa Pangani. Maji niliyokua nayo yana chumvi, yanajaa na kupwa, na mtu akisema anasafiri kwa maji najua anakwenda Unguja.

Nilipanda bajaji nikamwomba kijana anipeleke gesti yoyote iliyo safi. Njiani nikamuuliza seminari iko upande gani.

"Ile ya mapadri? Ipo hapahapa Nyegezi, dada. Una mtoto anasoma?"

Nikamjibu sina. Nilichoka, sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba miaka ya sitini alisoma pale kijana mmoja wa Ukerewe, akatoka bila kuwa padri, na kwamba shairi lake moja ndilo lililonitoa nyumbani.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Kutoka Nyegezi alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha shule za sekondari, akarudi chuoni kufundisha, akapata udaktari wa falsafa huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kisha akamalizia kazi yake ya ualimu Botswana. Aliacha riwaya sita na diwani tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Alifariki Dar es Salaam Januari 2020. Haya yote nilikuwa nayajua kabla ya kupanda basi, maana yamo vitabuni. Nilichokuwa sikijui ni namna mtu anavyoweza kuandika hivi alivyoandika, bila kujificha.

Babu yangu mzaa mama ni malenga. Alinifundisha kuhesabu mizani nikiwa na miaka saba, tumekaa mkekani barazani, ananishika kidole kimoja kimoja: nane za ukwapi, nane za utao, kina cha kati, kina cha mwisho, haya, rudia. Nilimpenda kwa hilo na nampenda mpaka leo. Shairi lisilo na vina kwake ni guni, na guni halisomwi mbele za watu. Nilipotoka shuleni siku moja nikamsomea shairi la Kezilahabi, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Huyu anaongea tu, mjukuu wangu. Bado hajaanza kutunga."

Hakuwa peke yake. Tangu Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, wengi wamezishika kama nguzo, na Kezilahabi, pamoja na wenzake Mulokozi na Kahigi, walipotoa mashairi huru miaka ya sabini, waliambiwa wameiga Wazungu na wameharibu mali ya wazee. Kezilahabi alijitetea katika utangulizi wa Kichomi: alitaka ushairi utumie lugha ambayo watu wanaizungumza kila siku. Mimi utotoni nilikuwa upande wa Babu. Nilijua kuhesabu, na anayejua kuhesabu huona raha kumhukumu asiyehesabu.

Mama alifariki mwaka 2019. Kwenye arobaini yake nilisoma shairi la beti kumi na mbili, tarbia, vina vya -ma na -ni tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Watu walilia. Mama mdogo alinikumbatia hata kilemba kikaanguka. Mshororo uliowaliza zaidi ulikuwa huu:

Alikwenda wetu mama, alilala kwa amani.

Hesabu mwenyewe: nane na nane, vina viko mahali pake. Babu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini Mama hakulala kwa amani, na aliyejua hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Miezi mitatu baadaye redio ikatangaza kifo cha Kezilahabi. Nikaitafuta Kichomi kwenye sanduku la vitabu vya shule, nikaanza kuisoma upya, safari hii bila kuhesabu. Nikafika kwenye shairi liitwalo "Dhamiri Yangu". Anayezungumza humo anajiona kama mbuzi. Dhamiri yake imemfunga kamba shingoni, kamba ni fupi, na majani yote anayoweza kuyafikia amekwisha kuyala hata ardhi imechoreka duara. Mbele yake kuna majani mengine tele. Anayaona, hayafikii, na hasemi uongo kwamba hayatamani. Nilikifunga kitabu. Wiki nzima sikukigusa.

Ikanichukua zaidi ya miaka miwili kupata nauli na ujasiri.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa kufika Nyegezi nilipita Kamanga nikaliangalia jiwe la Bismarck lililosimama majini, kisha nikaenda bandari ya Kaskazini kukata tiketi ya Nansio, Ukerewe. Meli ilikuwa imejaa watu na vitu: magodoro, kreti za soda, trei za mayai, bati za kuezekea, kuku waliofungwa miguu. Nilikaa kwenye benchi karibu na mama mmoja wa makamo aliyekuwa na ndoo mbili tupu za samaki. Kabla hata meli haijang'oa nanga alininyooshea kidole mahali majaketi ya kuokolea yalipowekwa, akaniuliza kama nayaona. Nikasema nayaona. "Vizuri. Mgeni lazima ayajue."

Sikuhitaji kumuuliza kwa nini. MV Bukoba ilizama jirani na Mwanza Mei 1996 na mamia ya watu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, Ukara, na waliokufa walipita 220. Ukara iko upande wa pili wa Ukerewe. Kwa abiria wa njia hii hayo ni mambo ya nyumbani, wana ndugu zao mle.

"Unamfuata nani Ukerewe?" akaniuliza.

"Mwandishi mmoja, mama. Kwao Namagondo."

"Yupo?"

"Alishafariki."

"Basi unakwenda kutoa pole," akasema, akafunika ndoo zake kwa khanga.

Nilinyamaza. Tangu nitoke Tanga kila aliyeniuliza nilimpa maelezo marefu yenye maneno kama utafiti na fasihi, na hakuna lililokaa sawa kama hilo lake.

Meli ilitumia zaidi ya saa tatu. Mawe ya Mwanza yalibaki nyuma, visiwa vidogo vikapita, magugu maji yakaelea makundi makundi. Tulipofika Nansio nilifanya jambo ambalo kila mtu wa pwani hulifanya akifika ziwani mara ya kwanza: nilishuka ufukweni, nikainama, nikachota maji kwa kiganja nikayaonja. Hayana chumvi. Akili inajua hivyo tangu darasa la tatu, lakini ulimi unashtuka. Mawimbi yapo, mchanga upo, mitumbwi ipo, ndege wapo, na maji ni matamu.

Pale pale ndipo nilipoanza kuuelewa ubishi wa vina kwa namna nyingine. Ushairi wa vina na mizani tuliourithi ulilelewa Lamu, Pate, Mombasa, Pangani, Unguja, katika miji yenye madrasa, hati za Kiarabu, majahazi na pepo za kusi na kaskazi. Mtoto aliyezaliwa Ukerewe 1944 alilelewa na vitu vingine. Alisikia Kikerewe kabla ya Kiswahili. Alisikia nyimbo za kupiga makasia na za ngoma, na wazee walioimba wakifuata nanga, zeze la nyuzi ambalo Wakerewe na Wahaya wanalo tangu zamani, na nyimbo hizo hukata mstari pale pumzi na mapigo yanapokata. Kisha Kanisa likamletea Zaburi na litania. Jina la riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, limetoka katika litania ya Bikira Maria. Chuoni akakutana na washairi wa Kiingereza, na baadaye akawasoma kina Nietzsche na Heidegger mpaka falsafa ikawa sehemu ya damu yake, kama anavyojua kila aliyehangaika na riwaya zake Nagona na Mzingile. Mtu mwenye masikio ya namna hiyo angetunga kama malenga wa Pangani, angekuwa amevaa kanzu ya kuazima. Waliosema ameiga Wazungu hawakuwahi, nadhani, kumuuliza nyanyake aliimba nini.

Na kisiwa chenyewe kilikuwa na mfano. Kagunguli, si mbali na hapo, aliishi Aniceti Kitereza, ambaye kufikia 1945 alikuwa amemaliza riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe. Wachapaji wa lugha hiyo hawakupatikana. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Miaka thelathini na mitano mtu anasubiri mswada wake uchapwe! Ukerewe ni mahali pa watu wavumilivu.

Mchana nilikula ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, nikachukua bodaboda. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, michungwa huku, mashamba ya mihogo kule, na juu ya mawe makubwa bapa watu wameanika udaga mweupe hata ukiwa mbali unadhani ni nguo. Kijana wa bodaboda alikuwa amesoma Ukerewe mpaka kidato cha nne. Nilipomtajia Kezilahabi alisema, "Wa Rosa Mistika," kama anayetaja jirani. Akaniteremsha Namagondo karibu na miembe.

Sikwenda kugonga nyumba ya mtu. Familia ya marehemu ina haki ya kupumzika, na mimi sikuwa na swali la kuwauliza. Nilitaka kuona tu. Nikatembea polepole kwa miguu, nikisalimia, nikisalimiwa.

Kando ya njia, nyuma ya banda la kuku, alifungwa mbuzi.

Nimeona mbuzi wengi waliofungwa. Huyu nilisimama kumtazama kwa muda mrefu, na nitaeleza nilichokiona. Alikuwa jike, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Kamba yake ilikuwa ya nailoni ya kijani iliyosokotwa kutoka kwenye nyavu chakavu za uvuvi, vifundo vya matundu bado vinaonekana. Upande mmoja ilifungwa shingoni, upande wa pili kwenye mti mdogo wa mfenesi ambao gome lake lilikuwa limelika kwa kusuguliwa. Kuzunguka mti, ardhi ilikuwa tupu, ngumu, imejaa samadi, na ukingo wa ule utupu ulikuwa duara kamili kana kwamba umechorwa kwa bikari. Baada ya ukingo majani yalianza palepale, mabichi, yamefika magotini. Mbuzi alikuwa amevuta kamba mpaka mwisho, shingo imenyooka, ulimi nje, na ncha ya ulimi ilikuwa inaligusa jani moja. Alilivuta, likateleza. Akavuta tena, likateleza. Alifanya hivyo mara tano au sita nikiwa pale, halafu akarudi nyuma hatua mbili, akalala, akaanza kucheua.

Kwa hiyo hakubuni. Niliposoma lile shairi nilidhani mshairi ameketi mezani akatafuta mfano wa kuielezea dhamiri, kama sisi tulivyofundishwa kutafuta tashbihi. Kumbe mfano ulikuwa nyuma ya banda la kuku tangu akiwa mtoto, na kazi aliyoifanya ilikuwa ngumu kuliko kubuni: aliingia mwenyewe katika ile kamba. Hakumtazama mbuzi kutoka njiani kama mimi nilivyokuwa nikimtazama.

"Unamnunua?"

Alikuwa mzee mmoja ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, nilikuwa nimempita bila kumwona. Nikarudi nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi si wangu, lakini mwenyewe namjua."

Nikamweleza kilichonileta. Akanikaribisha kwenye gogo, akatuma mtoto alete machungwa. Tukazungumza mpaka jua likainama. Aliniambia alisoma Rosa Mistika akiwa kijana, aliificha chini ya godoro. Kitabu kilitoka 1971 na kwa muda kilizuiwa mashuleni, kwa sababu kilisema wazi yale yanayowapata wasichana wanaolindwa kwa fimbo na baba mlevi kisha wakaachiwa mjini hawajui lolote. Kilichomshangaza yeye ni jambo jingine.

"Alikitaja kijiji hiki kwa jina lake. Namagondo. Ukisoma tu unakutana nalo. Angeweza kubuni jina."

"Kwa nini hakubuni, mzee?"

Alimenya chungwa lote kwanza, akanipa nusu. "Angebuni, tungesoma hapa tukasema, ah, hicho ni kijiji cha wengine."

Nafikiri hapo mzee yule alisema kuhusu Kezilahabi jambo ambalo sikulipata katika uhakiki wowote niliousoma. Tumezoea kumsifu kwa ujasiri wa kuvunja vina, na kwa falsafa, na kwa kuthubutu kuandika Gamba la Nyoka mwaka 1979 kuhusu vijiji vya ujamaa na nguvu iliyotumika kuvijenga, wakati wengi walikuwa bado wanaimba mapambio. Hayo ni kweli. Lakini mzizi wake uko hapa: aliandika kwa namna ambayo wa kwanza kubanwa ni yeye na watu wake. Katika Kichomi kuna mtu aliyeshika kisu akijifikiria kukatisha maisha yake mwenyewe, na mshairi hakumpa jina la mtu mwingine. Anasema "mimi". Ni neno fupi, na sisi watunzi tunalikwepa kuliko lolote, tunasema "walimwengu", tunasema "binadamu", tunasema "wenye hekima wamenena".

Nililala Nansio. Kesho yake nikapanda meli ya kurudi, nikakaa upande wa kivuli, nikatoa daftari. Nilikuwa nimejiwekea nia kwamba nitaliandika upya shairi la Mama, na kwamba safari hii nitaachana na vina, maana vina ndivyo vilivyonidanganya. Hilo nilikuwa nimeliamini kwa miaka mitatu. Nilikuwa nahitaji kina cha -ni, "amani" ikaja, nikaichukua. Kosa ni la kina.

Sasa niseme kilichotokea. Usiku ule Mama alilala kitandani, mimi kwenye mkeka sakafuni, karibu yake, ndiyo ilikuwa zamu yangu. Usiku wa manane aliita maji. Nilimsikia. Nilikuwa nimekesha siku nne, nikamsikia kwa mbali kama mtu anayeitwa chini ya maji, nikageuka upande wa pili. Nilipoamshwa na adhana kikombe cha bati kilikuwa sakafuni, kimeviringika mpaka mlangoni, na mkono wake ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda. Nilikiokota kikombe, nikakirudisha mezani, nikamlaza vizuri, ndipo nikawaita watu.

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari, kavu, bila kuhesabu: Mama aliomba maji nami nilikuwa usingizini. Nikaitazama. Kisha vidole, kwa mazoea aliyonipa Babu, vikaanza kuhesabu vyenyewe juu ya paja. Nikapanga maneno upya kidogo:

Aliomba maji mama, nami ni usingizini.

Nane na nane. -Ma na -ni. Kweli ilikuwa na vina vilevile, na mizani ileile, na nafasi yake katika ubeti wa tisa ilikuwepo tangu mwanzo. Kina hakikunilazimisha lolote. Mimi ndiye niliyechagua. Nilikumbuka kwamba Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki gerezani Kenya kwenye karatasi za chooni, kati ya 1969 na 1972, kwa vina na mizani, na hakuna anayeweza kusema alificha kitu. Kezilahabi aliacha vina kwa sababu kwake vingekuwa vya kuazima. Kwangu mimi ni lugha ya nyumbani, na nilikuwa nimeitumia kumdanganyia Babu mwenyewe.

Nilibadilisha mshororo huo mmoja. Mingine arobaini na saba niliiacha ilivyo.

Nilifika Pangani Ijumaa. Babu haoni vizuri siku hizi, alinijua kwa sauti. Baada ya Isha tulikaa barazani kwenye mkeka uleule, nikamwambia nina shairi nataka alipime. Nikamsomea tangu ubeti wa kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinapiga mkeka, nane na nane, polepole. Nilipofika ubeti wa tisa vidole vilisimama. Niliendelea kusoma mpaka mwisho kwa sababu nisingemaliza wakati ule nisingemaliza kamwe.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hukuniambia kama ulilala."

"Sikumwambia mtu yeyote, Babu."